Miezi minne na programu ya bajeti kwenye simu, uzoefu wangu

Nimeitumia hii programu miezi minne sasa, toleo la bure, na nilianza nikiwa sijawahi kuandika bajeti hata siku moja. Kwetu tuko wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, mshahara ukiingia tunalipa kodi na bili, tunanunua vya ndani, halafu ikifika tarehe 20 hivi tunaanza kuulizana hela imeenda wapi na hakuna mwenye jibu. Yale maswali yalikuwa yananiumiza kuliko hata kuishiwa kwenyewe.

Ukiifungua mara ya kwanza inakugawia kipato chako 50, 30, 20, yaani asilimia 50 mahitaji ya lazima, 30 mnavyopenda, 20 akiba na madeni. Sisi lazima peke yake ilikula karibu 70!! Nikaona basi hii si ya watu kama sisi, nikataka kuifuta, kumbe zile asilimia unazibadilisha mwenyewe, zimewekwa tu za kuanzia, ila hawakuelezi mpaka ukapekue kwenye mipangilio na hapo ndipo wanapowapoteza wageni wengi naamini.

Mwezi wa kwanza nilijaza kwa kukisia na wiki ya pili tu kila kitu kikavurugika. Mwezi wa pili sikupanga chochote, niliandika tu kila kinachotoka, hata kidogo namna gani, papo hapo kabla sijarudisha simu mfukoni maana ukisema utaandika jioni unasahau nusu. Chakula kilikuwa karibu mara mbili ya nilivyokisia. Kwa hiyo wewe unayeanza, nakuomba sana, mwezi mmoja andika tu, usijibane, bajeti ije baadaye. Na manunuzi ya kila wiki usizidishe mara 4, mwaka una wiki 52 sio 48, zidisha 52 kisha gawa kwa 12, mimi hizo wiki 4 zilikuwa zinanikata kila mara bila kujua.

Kilichonifanya niipende kweli ni sehemu ya mafungu ya mbeleni. Bima, sare za shule, matengenezo, vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka na sisi tulikuwa tunaviita dharura wakati tarehe zake tunazijua! Unaweka kiasi na tarehe, yenyewe inagawa kwa miezi iliyobaki, kwa mfano kitu cha 120 na imebaki miezi 6 inakwambia weka 20, ingebaki 12 ungeweka 10. Mwezi huu bima imelipwa bila kumkopa mtu, nilikaa naangalia ile simu nikasikia machozi.

Kasoro zipo. Ukihamisha hela kutoka akaunti yako kwenda akiba yako inahesabu kama matumizi, inabidi urekebishe mwenyewe, mwezi mmoja ilinionyesha tumetumia kuliko tulichopata wakati si kweli. Pia inaomba ruhusa ya kusoma meseji za benki, nimekataa, naandika kwa mkono na inafanya kazi vizuri tu. Kwa wenye kipato kinachopanda na kushuka haina msaada wowote, mume wangu analipwa kwa kila kazi anayopata, tukaamua kuweka kile kiasi chake kidogo kabisa cha miezi ya karibuni, kikizidi kinaingia kwenye mafungu.

Kubwa linaloniudhi ni kwamba simu mbili kutumia bajeti moja ni mpaka ulipie. Bajeti ya nyumba si ya mtu mmoja jamani, sasa hivi kila Jumapili usiku tunakaa na simu yangu, mume wangu ananisomea matumizi yake nayaingiza, dakika 15 hivi. Nyota 4, ya tano nitawapa wakiifungua hiyo.