Msitu wa mialoni: uchome au upunguze miti?
Wenye misitu ya mialoni (miti ya oak) mashariki mwa Marekani hawaishi kuuliza hili, wakitaka miche ya mwaloni ikue. Kwa gharama, kukata kunaweza kujilipa kwa mbao, moto unakula hela tu na unataka watu waliofunzwa. Ila ukikata peke yake mara nyingi umeifungulia mlango mepo nyekundu (red maple, mti unaoshindana na mwaloni), inapaa haraka afu miche ya mwaloni inabaki gizani. Hapo moto unashinda: fukua mche wa mwaloni uone mzizi ulivyonenepa, juu kukiungua unachipua tena, mepo yenye gome jembamba ndo inaumia. Lakini moto mdogo hauleti mwanga wa kutosha, na unaweza kuacha makovu kwenye magogo ya kuuza. Miche ikiwepo ya kutosha, punguza miti, subiri miaka 3 hadi 5, ndo uchome. Kama hakuna miche, aisee msumeno usiuguse kwanza.