Nilimkataa Forest Whitaker kabla hajafungua mdomo

Kwetu mpakani, karibu na Mutukula, Idi Amin hatajwi bila neno "nduli" mbele ya jina lake. Nilizaliwa baada ya vita, ila nimelelewa na habari zake: Oktoba 1978 nyumba ya babu ikachomwa, ng'ombe wakasombwa wote, na baba, kijana wa miaka 20, akavuka Mto Kagera akiwa amembeba mdogo wake mgongoni.

Kwa hiyo niliposikia kwamba katika filamu ya The Last King of Scotland nduli anaigizwa na Forest Whitaker, nilikataa kuitazama. Nilikuwa nimemwona katika Ghost Dog na The Crying Game. Mtu mpole, sauti ya chini, jicho la kushoto limelegea kama mwenye usingizi. Niliona atamfanya Amin mtu wa kuhurumiwa, au atafoka mwanzo hadi mwisho kama maigizo ya shuleni. Filamu ilitoka 2006, mwaka uliofuata akapata Oscar, bado sikuigusa. Nimeitazama mwezi uliopita, na baba pembeni yangu.

Mapema tu kuna mkutano wa hadhara. Amin yuko jukwaani, anawaambia wanakijiji kwamba yeye ni mtu wa kawaida kama wao, anacheka kwa mwili mzima, watu wanalipuka kwa shangwe. Nami nikajikuta natabasamu. Nilishtuka, nikamgeukia baba. Alikuwa amekaza macho kwenye kioo.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Alikuwa anachekesha. Alipotaka wapigane ngumi na Mwalimu, Muhammad Ali awe refa, watu walicheka. Sisi tulikuwa tumeshachomewa nyumba."

Whitaker amelishika hilo hasa. Kicheko chake hakikuambii kitaishia wapi. Kuna mahali daktari wake anamkumbusha kwamba alimkanya asiwafukuze Wahindi. Amin anamjibu: lakini hukunishawishi. Anasema kama mtoto aliyeonewa, kwa huzuni ya kweli kabisa, na hapo ndipo mgongo wangu uliposisimka. Upole niliouogopa ndio alioutumia. Hata Kiswahili alijifunza kwa ajili ya kazi hii, nacho kinatoka kigumu, cha kambini, kama kilivyomstahili mtu aliyekulia katika KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza.

James McAvoy anamcheza vizuri daktari kijana wa Kiskoti, na mwongozaji Kevin Macdonald alifanya vyema kupigia picha Uganda kwenyewe. Ila daktari huyo hakuwahi kuwapo duniani. Kay, mke wa Amin, alikuwapo, alifariki 1974, na kumbunia mapenzi na mtu wa kubuni kumeniuma. Alistahili heshima zaidi. Tena hadithi inakomea kwenye utekaji wa ndege Entebbe 1976, miaka miwili kabla majeshi hayajaingia kwetu. Na watoto wasiwe sebuleni, kwani mateso ya mwishoni, yale ya kulabu, mimi mwenyewe nilifumba macho.

Ilipokwisha baba aliuliza huyo mtu ni wa wapi. Nikamwambia ni Mmarekani, mzaliwa wa Texas. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nirudishe pale kwenye mkutano wa hadhara, amtazame tena anavyocheka.