Jicho la tela limepasuka ndani ya siku mbili: uzoefu wangu na karakana ya kuchomelea

Kazi ilikuwa kuliunga na bamba jicho la tela, yaani pete nene ya mbele ambayo tela huvutwa nayo. Nyota mbili, kwa sababu bamba za milimita 12 walizikata na kuzipanga vizuri, na mshono wenyewe ukiutazama unapendeza. Ila ufa haukupita kwenye mshono. Umepita kando yake, upande wa jicho, milimita mbili tatu tu kutoka ukingoni.

Nilipouliza kama watalipasha jicho moto kwanza, fundi mkuu alinijibu mbele ya wateja: "Kaka, chuma ni chuma. Umeleta kazi au umekuja kunifundisha?"

Chuma si chuma! Bamba ni chuma laini, kaboni haizidi asilimia 0.25. Jicho ni chuma cha kumimina, kaboni karibu 0.4, tena nene kuliko ngumi. Ukilichomelea likiwa baridi, unene ule unanyonya joto ghafla na ukanda ulio kando ya mshono unakuwa mgumu, usiovumilia kuvutwa. Juu ya hayo walitumia vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013, ambavyo ganda lake lina unyevu hata pakiti ikiwa mpya. Unyevu huo unaingiza haidrojeni ndani ya chuma, na haidrojeni haipasui papo hapo. Inaweza kungoja saa 48. Ndiyo maana tela lilitoka pale likionekana zima.

Kilichotakiwa ni kusaga kutu na rangi hadi chuma kionekane, kulipasha jicho taratibu kwa gesi mpaka nyuzi 200 hivi, joto lipite hadi ndani, likipimwa kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka joto likifika, na lisishuke hapo hadi kazi iishe. Vijiti ni 7018, aina isiyoingiza haidrojeni nyingi, vilivyotoka kukaushwa kwenye oveni. Kwanza unalivika jicho tabaka mbili za mshono peke yake, ndipo unaliunga na bamba, maana mshono wa bamba ukipoa na kuvuta unakuta tabaka laini. Halafu unalifukia kwenye chokaa kavu lipoe hadi kesho yake. Ukiacha kupoa, kazi yenyewe ni nusu siku. Wao walitumia dakika ishirini, na bei ile ile.

Nyota mbili nazifuta, iwe moja. Jicho likiachia mteremkoni tela limejaa mahindi, anayekuja nyuma hana pa kukimbilia. Nao wameniambia nilirudishe wapitishe mshono mwingine juu, bure. Ufa haufunikwi. Unasagwa mpaka uishe wote, unahakikishwa kwa dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, ndipo unachomelea upya. Sirudi.