Kisanduku cha kuandalia vielelezo vya vidung'ata: tathmini baada ya msimu mmoja

Kwa msimu mzima wa muhogo nimetumia kisanduku cha vifaa vya kuandalia vielelezo vya wadudu wadogo, nilichonunua kwa shilingi 185,000 katika duka moja la vifaa vya maabara jijini Dar es Salaam, na ninaandika haya kwa ajili ya maafisa ugani na wanafunzi wanaotakiwa kupeleka vidung'ata, yaani wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaofyonza utomvu wa mimea, maabara vikiwa katika hali inayowezesha kutambuliwa. Ndani mna slaidi 50, vioo vyembamba vya kufunikia, brashi laini, sindano, vichupa 20, potasiamu haidroksaidi (kemikali ya kuyeyushia nyama ya mdudu), rangi ya fuksini, mafuta ya karafuu ya kung'arishia kielelezo na utomvu wa balsamu wa kukigandisha chini ya kioo.

Aliyekipanga anaijua kazi hii. Kidung'ata hatambuliki kwa jicho tupu, kwa kuwa unga mweupe wa nta huwafanya wote wafanane, na alama zinazowatenganisha ni vitundu vya kutolea nta na miiba midogo iliyo kwenye ngozi ya jike aliyekomaa. Kosa la utambuzi hapa lina gharama kubwa. Kidung'ata wa muhogo alipoingia Afrika miaka ya 1970, watafiti waliowatafuta maadui wake wa asili kaskazini mwa Amerika Kusini walikutana na spishi nyingine inayofanana naye sana, na maadui wa spishi hiyo hawakufaa. Kidung'ata wa muhogo mwenyewe alipatikana Paragwai mwaka 1981, na huko ndiko alikotoka adui wake wa asili, nyigu mdogo aliyeiokoa mihogo yetu.

Nilifuata maelekezo ya kisanduku hatua kwa hatua. Nilimtoboa jike ubavuni kwa sindano, nikamweka katika myeyusho wa asilimia 10 wa potasiamu haidroksaidi uliopashwa moto kwa maji, kisha nikamkandamiza taratibu kwa ubapa wa sindano hadi vilivyomo tumboni vikatoka kupitia tundu lile, ikabaki ngozi tupu, angavu kama nailoni. Fuksini ilipoingia, papasi (vipembe vya kichwani) na miguu vilijitokeza kwa waridi iliyokolea chini ya hadubini, na nilifurahi mno, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikipeleka maabara vichupa vya wadudu waliosinyaa tu. Mafuta ya karafuu yalikwisha baada ya slaidi 30 hivi. Nilinunua ya Pemba, nayo yakafanya kazi ileile, hivyo sioni sababu ya kuyaagiza kutoka mbali.

Kasoro kubwa ni kalamu. Ilielezwa kuwa wino wake hautoki, lakini katika ethanoli, pombe ya kuhifadhia wadudu, uliyeyuka wote, na vichupa 7 nilivyokusanya vikabaki na vikaratasi vyeupe ndani ya maji ya zambarau. Kielelezo kisicho na mahali, tarehe na jina la mmea hakina thamani kwa mtambuzi yeyote, kwa hiyo nilivitupa, na mashamba mawili kati ya yale vilikotoka sitaweza kuyarudia kwa sababu mihogo imekwisha kung'olewa. Duka lilinijibu kwamba kalamu zinatoka kwa muuzaji wa jumla. Andika lebo kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, uiweke ndani ya kichupa pamoja na wadudu. Andika pia rangi ya mdudu angali hai, maana ethanoli huifuta.

Maelekezo hayasemi lolote kuhusu kiwango cha ethanoli, na hilo ni pungufu linalohitaji kurekebishwa: kwa slaidi asilimia 70 hadi 80 inatosha, lakini anayetaka wadudu wake wapimwe vinasaba atumie 95 au zaidi na avihifadhi vichupa mahali pa baridi. Vifuniko vya vichupa navyo si imara. Vichupa vitatu vilikauka ndani ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, ningekinunua tena. Balsamu hukauka polepole, na slaidi zangu zimelala bapa katika joto la nyuzi 40 kwa wiki ya tano sasa. Mbili za mwanzo zimeshakuwa ngumu ukingoni, nazo ndizo nitakazopeleka kwanza.