Waifai ya zahanati yetu Jinja: mafundi waliopima kabla ya kufunga

Zahanati ninayoisimamia hapa Jinja imo katika jengo la zamani lenye kuta nene za matofali ya kuchoma, na kwa nyuma liliongezwa upande mpya wa zege. Wauguzi hujaza kumbukumbu za wagonjwa kwenye tableti, na kwa muda mrefu kila walipopita mlango wa chumba cha eksirei mtandao ulikatika, ikabidi fomu ianzwe upya huku mgonjwa akisubiri. Fundi wa kwanza alituuzia ruta moja kubwa, akaiweka mapokezi na kuipandisha nguvu hadi mwisho. Tableti zikaonyesha mistari yote ya mawimbi, lakini fomu bado hazikwenda.

Mafundi wa pili, ambao huduma yao ndiyo ninayoitathmini hapa, walitueleza sababu siku ya kwanza. Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili, na tableti ina antena ndogo na nguvu kidogo, kwa hiyo ruta inaweza kusikika chumba cha mwisho ilhali yenyewe haisikii jibu linalotoka huko. Ndiyo maana walipanga kila kitu kwa kufuata kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote tulivyo navyo.

Walipima saa nne asubuhi, zahanati ikiwa imejaa, kwa kuwa miili ya watu nayo hunyonya mawimbi. Waliweka ruta ndogo juu ya stendi, wakafunga milango, kisha wakazunguka na tableti yetu wenyewe chumba baada ya chumba wakiandika vipimo kwenye ramani ya jengo. Lengo lao lilikuwa pasiwe na mahali pa kazi penye mawimbi chini ya -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba hasi ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), kiwango kinachotumiwa sana pale ambapo watu watapiga simu kupitia waifai. Ukuta wa duka la dawa peke yake ulikula desibeli 9, yaani nguvu iliyovuka ilikuwa kama moja ya nane. Chumba cha eksirei kimezungushiwa mabamba ya risasi, metali nzito inayozuia mawimbi, na hapo hawakupoteza muda kujaribu kupenyeza chochote, bali walipanga kirusha mawimbi kingine upande wa pili.

Hatimaye vilifungwa virusha mawimbi vitano vidogo, vyenye nguvu ya wastani. Nilitaka vyote vipangwe kwenye korido, wakakataa, kwa sababu hapo vingesikiana moja kwa moja na kugombania chaneli, yaani njia ileile ya mawimbi. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na maduka ya jirani yalikwisha kuzijaza. Tableti zikahamishiwa gigahezi 5, yenye chaneli nyingi zaidi ingawa hushindwa na kuta mapema, na 2.4 ikaachiwa mashine za maabara zisizojua masafa mengine. Umeme wa virushaji vyote hupita kwenye kebo ileile ya mtandao kutoka swichi moja (kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao) yenye betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Kasoro zipo. Kebo hazikuandikwa majina, na atakayekuja kurekebisha kesho itambidi azifuate moja moja darini. Pia hawakurudi kupima stoo ya dawa hadi nilipowaomba, nao wakakuta -74 dBm kwa sababu kirusha mawimbi kilikuwa kimewekwa nyuma ya kabati la chuma. Walikisogeza kama mita moja na nusu, kipimo kikawa -63, na tangu siku hiyo mtunza stoo anahesabu dawa akiwa amesimama mbele ya rafu badala ya kuandika kwenye karatasi na kwenda kunakili mapokezi.

Upimaji ulitozwa shilingi 700,000 za Uganda, na kiasi hicho kilikatwa kwenye bei ya kufunga tulipowapa kazi yote.