Beringi za Timken na matairi ya Goodyear Endurance kwenye trela la kulala: uzoefu wangu

Trela ninalolizungumzia ni la kuvutwa na pikapu, lenye ekseli mbili zinazobeba pauni 3,500 kila moja na breki za umeme za drami ya inchi 10. Huku Marekani matrela mengi ya ukubwa huo yako hivyo, kwa hiyo namba nitakazotaja zitawafaa wengi. Hata hivyo soma namba iliyochongwa kwenye beringi zako kabla ya kununua, maana ekseli mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na vipimo tofauti.

Beringi nilizofunga ni za Timken: ya ndani ni koni (sehemu yenye rola) L68149 na kikombe chake (pete ya nje ambamo rola huzunguka) L68111, nje L44649 na kikombe L44610. Sili, zinazozuia grisi isitoke, ni za midomo miwili zenye springi, kipenyo inchi 1.719 ndani na 2.565 nje. Nimeridhika nazo kabisa. Rola zimesuguliwa zikang'aa, keji inayoshika rola haichezi, na kikombe kinaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa kubana inavyotakiwa. Seti za bei ya chini zisizo na jina la kiwanda zipo tele, lakini kwa mzigo wa tani tatu siwezi kuzipendekeza. Akiba utakayopata haifiki hata robo ya gharama ya kukokotwa kutoka barabara kuu.

Ekseli hizi zina nipo ya grisi (kichwa kidogo cha kupampia) kwenye ncha, chini ya kifuniko cha mpira. Grisi hupita tundu la katikati, hutokea kati ya sili na beringi ya ndani, hujaza habu, kisha ile ya zamani hutoka mbele. Kwa trela la boti linalotumbukizwa majini, mpango huu una faida kubwa kwa sababu unasukuma maji nje. Kwa trela la kulala lenye breki, nasema wazi: nipo haichukui nafasi ya kufungua habu. Haikuonyeshi rola iliyobanduka, wala lainingi iliyokwisha, wala sumaku ya breki iliyolika upande mmoja. Na ukipampu kwa pupa huku gurudumu limesimama, au grisi ikiwa ngumu kwa baridi, presha hutafuta njia ya mkato. Mdomo wa sili hujikunja na grisi huingia ndani ya drami. Lainingi ikishalowa grisi haisafishiki. Petroli huondoa ya juu tu, na iliyozama hurudi juu breki ikipata moto. Hapo ni kubadilisha lainingi zote za ekseli hiyo, kulia na kushoto, la sivyo trela litavuta upande mmoja kila ukikanyaga breki.

Anayeitumia nipo ainue gurudumu, alizungushe kwa mkono mfululizo, na apampu polepole kwa bomba la mkono, si la umeme wala la upepo, mpaka aone grisi ya rangi mpya ikitoka. Habu tupu humeza grisi nyingi, kwa hiyo weka katriji ya pili karibu.

Dexter, watengenezaji wakubwa wa ekseli za namna hii, wanaelekeza beringi zifunguliwe kila miezi 12 au maili 12,000, lolote litakalotangulia. Mimi nafuata hivyo hata kama trela limelala uani mwaka mzima, kwa sababu unyevu hauhesabu maili.

Wakati wa kufungua habu, trela libaki limefungwa kwenye gari, magurudumu ya upande wa pili yawekewe vizuizi, na jeki ikae chini ya fremu. Usiinue kwa bomba la ekseli. Likipinda kidogo tu, matairi yatalika upande mmoja na hutajua kwa nini. Ukishatoa habu, osha beringi kwa mafuta ya taa na uzikaushe, lakini usizizungushe kwa upepo wa kompresa, maana rola zinaweza kuruka kama risasi. Kisha zitazame kwenye mwanga. Rangi ya majani makavu au ya bluu ni alama ya joto kali. Vishimo kwenye rola au kikombe ni chuma kilichochoka. Mistari ya kutu iliyopangana kwa nafasi sawa ndani ya kikombe ni maji yaliyokaa wakati trela limesimama, na grisi nyeupe kama maziwa inakuambia yaliingia, mara nyingi kupitia sili. Ukiona kimojawapo, badilisha beringi pamoja na kikombe chake. Koni mpya juu ya kikombe cha zamani haidumu.

Grisi ninayotumia ni ya lithiamu kompleksi, NLGI (kipimo cha ugumu wa grisi) namba 2. Usichanganye na ya aina nyingine. Baadhi zikikutana hulainika hadi kutiririka, kwa hiyo kama hujui ya zamani ni ya aina gani, futa yote. Weka donge kiganjani, ubamize ukingo mpana wa koni juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya rola, mzunguko mzima. Kupaka juu juu hakufai kitu. Sili ni mpya kila mara. Igonge kwa kibao bapa iingie sawasawa.

Hatua inayoharibu beringi nyingi ni kukaza nati inayoshika habu. Kaza hadi futi-pauni 50 huku ukizungusha habu, ili kila kitu kikae mahali pake. Kisha legeza nati bila kuzungusha habu. Kaza tena kwa vidole tu mpaka iguse, na urudishe nyuma kidogo hadi tundu la kwanza lilingane na pini. Nati inapaswa kuzuiwa na pini peke yake. Wengine wanaogopa mchezo mdogo unaobaki na kuubana kwa spana. Chuma kikipata moto hutanuka, nafasi inaisha, grisi inaungua na rola zinakwama. Pini nayo iwe mpya.

Kuhusu matairi, kilichonivutia kwenye Endurance ni uwezo wa kubeba. Ekseli ya pauni 3,500 inaweka pauni 1,750 kwa kila gurudumu. Tairi la kipimo cha ST205/75R15 la daraja C la ubebaji hubeba pauni 1,820 kwa upepo wa psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba), yaani nafasi ya pauni 70 tu, na jiko, tangi la maji na betri mara nyingi vimelundikana upande mmoja. Endurance ya kipimo hicho ni daraja D: pauni 2,150 kwa psi 65. Hakikisha kwanza rimu na valvu zinahimili psi hizo. Ubaya wake ni bei, na ubavu mgumu unaofanya vyombo vya kabatini vitikisike zaidi.

Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni, na usipunguze likipata moto njiani. Upepo mdogo hufanya ubavu ujikunje kila mzunguko, joto linapanda, na tredi inabanduka tairi likionekana bado jipya. Umri nao usome kwenye namba 4 za mwisho za DOT, msimbo uliochongwa ubavuni mwa tairi: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Yakifika miaka 5 hadi 6 nayatoa, hata kama meno yako yote, na la spea likiwemo.

Nati za magurudumu zenye skrubu za nusu inchi kaza kwa kurukia upande wa pili, hatua tatu: 20, 50, kisha 90 hadi 120 futi-pauni. Rudia kuzikagua baada ya maili 10, 25 na 50. Kwenye kituo cha mafuta pima habu zote nne kwa kipimajoto cha miale. Moja ikizidi wenzake kwa mbali, ni breki inayosugua au beringi iliyobanwa, na trela lisiondoke hapo kabla hujainua gurudumu hilo.