The Ordinary ile nyekundu: nzuri, ila soma maelekezo

Ni maji ya asidi ya kupaka usoni kuondoa ngozi iliyokufa, kutoka kampuni ya The Ordinary. Nimeyanunua kwenye duka la vipodozi karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Ina AHA asilimia 30 (asidi zinazotoa ngozi iliyokufa juu juu) na BHA asilimia 2 (asidi inayosafisha ndani ya vinyweleo), na ukishaipaka unafanana na mtu aliyetoka kuchinja kuku. Muuzaji, binti mcheshi tu, akaniambia, "Dada, paka ulale nayo." Nilale na asidi! Maelekezo yenyewe yanasema isizidi dakika 10, usiku, kwenye ngozi kavu kabisa, kisha unaosha kwa maji ya vuguvugu, na isizidi mara mbili kwa wiki. Ngozi zetu nyeusi zikiungua huacha madoa yanayokaa miezi, kwa hiyo nilijaribu kwanza nyuma ya sikio, nikasubiri hadi kesho yake.

Madoa ya chunusi kidevuni yamefifia, uso umelainika. Siyo mkorogo lakini, msiitafutie weupe. Usiku wa kuipaka sigusi retinoli (vitamini A ya kupaka) wala skrabu. Mwenye kidonda au ngozi inayowasha kirahisi aiache. Mchana losheni ya jua, SPF 30 kwenda juu, hata mlima ukijifunika mawingu.

Bidhaa nyota nne, bei imechangamka. Duka, mbili.